Gitaa la Mfenesi na Redio ya Madungu

Meza niliyofanyia kazi umri wangu wote wa ufundi sasa ni yenu, na nyinyi vijana wa karakana kila nikipita mnanishika niwaandikie namna tulivyoanza. Nimekubali kwa sharti kwamba sitaandika nililipwa nini wala nilipandishwa cheo lini. Malipo yalikuwa madogo, na cheo hakikupanda kwa sababu katika duka la watu wawili hakuna pa kupandia. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na zaidi juu ya gitaa moja la umeme lililotengenezwa kwa mkono hapa hapa Pemba, mwishoni mwa miaka ya hamsini, ambalo niliombwa niseme kama linafaa kununuliwa. Redio nilizotengeneza sizijui idadi, nyingine hata sizikumbuki rangi. Gitaa lile nalikumbuka mpaka harufu yake.

Nilianza kazi kwa Fundi Shaame. Duka lake lilikuwa Chake Chake, chumba kimoja chenye dirisha lililotazama barabarani. Nilikuwa nimeshaoa, nimeshachuma karafuu misimu kadhaa, na nimechoka kupanda miti. Siku ya kwanza alinipa redio iliyokufa akanambia nifungue skrubu zote, kisha nizirudishe. Nilipomaliza ikabaki moja mkononi. Akaichukua, akaigeuzageuza, akauliza, "Na hii ni ya nani?" Nikasema sijui. Akanambia nifungue tena. Siku ile nzima sikufanya jambo jingine, na jioni skrubu ikapata kwao.

Redio nyingi za wakati huo zilikwenda kwa betri. Umeme ulikuwepo mjini tu, tena katika mitaa michache, na ukiwashwa jioni. Chuma cha kulehemu tulikipasha kwenye mkaa kama pasi. Mita ya kupimia umeme ilikuwepo moja, sindano yake imekwama, na Shaame, mwalimu wangu, hakuhuzunika. Yeye alipima kwa globu ndogo aliyoifunga nyaya mbili, moja kila upande. Akigusisha nyaya hizo mahali na globu ikawaka, pana umeme. Alisema globu haidanganyi kwa sababu haijui kusoma namba. Lakini zaidi alipima kwa masikio. Mtu alikuwa bado yuko barabarani na redio yake kichwani, inakoroma, na mwalimu ameshasema ndani kipi kimeharibika. Mara nyingi alipatia. Alipokosea alisema mwenye redio aliibeba vibaya.

Nilikaa naye miaka kadhaa, kisha macho yake yakaanza ukungu. Kwanza alishindwa kusoma vile vimistari vyembamba vya rangi vinavyotaja nguvu ya kila kipuri, akawa ananiuliza mimi, "Hii nyekundu au kahawia?" Baadaye akaacha kuuliza, akawa ananisukumia tu. Asubuhi moja alinikabidhi duka, akachukua tupa zake na msumeno mdogo, akarudi kwao Kiuyu kukaa na dada yake. Hakusema sana. Watu wa mjini ndio walisema. Kila mteja aliyeingia aliuliza, "Fundi Shaame ndiyo amekwisha?" Nilijibu kwamba amepumzika, na hakuna aliyeniamini.

Msimu mmoja ulipita, nikasikia kutoka kwa wachuuzi wa samaki wa Tumbe kwamba mwalimu anachonga gitaa. Sikushangaa, maana mikono yake haikujua kukaa. Kisha nikasikia kwamba si gitaa la kawaida, ni la umeme, lile lenye sauti tuliyokuwa tukiisikia redioni kutoka bara na ng'ambo. Huko Kiuyu hakukuwa na umeme hata wa kuwasha globu yangu. Nikasema ngoja nione.

Sikungoja sana. Bi Raya alikuja dukani na gitaa limefungwa kanga. Bi Raya alikuwa mkuu wa kikundi cha taarab cha mtaa wa Madungu, mama mtu mzima, mpole wa sauti na mgumu wa maamuzi. Alifuatana na Bakari, mpigaji wao wa udi, ambaye asubuhi alikuwa mwoka mikate na mchana akipiga udi na unga bado uko kwenye nyusi. Harusi ya mpwa wa Bi Raya ilikuwa imekaribia, na kikundi kilitaka kutokea siku hiyo na jambo ambalo Madungu haijaliona.

"Hili ametengeneza mwalimu wako," alisema. "Analiuza. Bakari amelipenda. Lakini miye sinunui kitu kwa jina la mtu. Nataka unambie kama ni zuri."

"Bi Raya, huyu ni mwalimu wangu."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Unaijua kazi yake ilipokuwa nzuri. Utajua kama imeharibika."

Niliifungua ile kanga. Mwili wake ulikuwa mti wa mfenesi, wa manjano, umepigwa msasa mpaka ukawa kama ngozi ya embe. Shingo aliichonga kwa mninga, na baadaye niliambiwa kwamba ulikuwa mfumbati, ule ubao wa ubavuni, wa kitanda cha marehemu mama yake. Vijiti vya shaba vya shingoni alivifua mwenyewe kwa nyundo, kimoja kimoja, akavipigia tupa. Chini ya nyuzi kulikuwa na kidude kirefu chenye sumaku na waya mwembamba uliozungushwa, na hicho ndicho kinachosikia nyuzi na kupeleka sauti redioni. Yeye alikiita sikio. Sumaku zake zilitoka katika visikizio vya simu vilivyotupwa.

Nitawaambia nilivyolipima, maana kuna siku mtaletewa gitaa na mtu aliyelipaka rangi nzuri. Rangi iacheni mwisho. Kwanza nililishika kama mtu anayelenga bunduki, nikatazama shingo kwa urefu wake, kama seremala anavyotazama boriti. Ikipinda kidogo tu, nyuzi zitagusa mahali na zitanguruma. Haikupinda. Kisha nikaubana uzi wa kwanza katikati yake hasa, nikamwambia Bakari asikilize. Uzi ukibanwa katikati lazima utoe sauti ile ile ya uzi mtupu, ila ya juu. Vijiti vikipangwa kwa kukisia, hapo ndipo uongo unapotoka.

"Imo," alisema Bakari.

Tukajaribu nyuzi zote. Zote zilikuwemo. Mtu mwenye ukungu machoni alikuwa amepanga vijiti vile mahali pake, na mimi mwenye macho mazima nilitumia rula kuhakikisha. Nikakaza nyuzi, nikaliacha gitaa lilale wakati nikifunga redio ya mteja, nikarudi kuona kama zimelegea. Kigingi kimoja kilikuwa kinarudi nyuma. Hilo ni jambo la kutengeneza kabla chai haijapoa. Nikafungua nyuma nikatazama zile risasi za kuungia nyaya alizolehemu. Zilikuwa laini, ndogo, zinang'aa. Nikaliunganisha na redio yangu ya betri, upande ule wa kuchomekea gramafoni, na Bakari akapiga.

Barabarani watu walisimama. Sitasema zaidi ya hapo, kwa sababu sauti haiandikiki.

Bi Raya aliniuliza, "Basi?"

Nilikuwa nafungua mdomo kusema nunua. Ila fundi hafai kusema chochote mpaka ajue kitu kinakwenda kuishi wapi. Nikauliza, "Mtalipigia kwenye redio gani?"

"Tunayo yetu pale kilabuni. Kubwa, ya umeme. Tumeinunua kwa mwenye duka la nguo aliyekuwa anahama."

Bakari akasema taratibu, "Fundi, juzi nililijaribu pale. Lilikuwa kama lina sisimizi."

"Sisimizi wapi?"

"Kwenye vidole. Kidogo tu. Nilikuwa nimevaa viatu, nimekaa kwenye kiti cha mbao. Nikasema labda ni nyuzi mpya."

Mwili ulinisisimka mimi. Nikawaambia jioni umeme ukiwaka nitakuja Madungu, na mpaka hapo asiliguse mtu.

Baada ya Magharibi nilikwenda na globu yangu. Ile redio nilipoifungua nyuma niliona nilichokihofia. Ziko redio ambazo umeme wa ukutani hupita kwanza kwenye transfoma, ukatengana na mwili wa redio. Na ziko za rahisi ambazo umeme wenyewe umefungwa moja kwa moja kwenye bati la ndani. Ukiwa nje, unashika vifundo vya plastiki na sanduku la mbao, huna habari. Lakini ukichomeka gitaa, waya wa gitaa unaungana na lile bati, na nyuzi zinaungana na waya. Mtu aliyeshika nyuzi ni sawa na mtu aliyeshika umeme wa ukutani.

Nilichomeka chuma kwenye udongo wa uani, pale wanapomwaga maji ya vyombo. Nikafunga upande mmoja wa globu kwenye chuma hicho, na upande wa pili nikaugusisha kwenye nyuzi za gitaa. Globu iliwaka. Haikuwa kali, lakini iliwaka, na sote watatu tukasimama tunaitazama.

Bi Raya hakuwa mtu wa kutishika haraka. "Geuza plagi," alisema. Plagi ilikuwa ya miguu miwili. Nikaigeuza, nikapima tena, globu ikazimika.

"Basi dawa si hiyo? Tutaitia chokaa upande huu, tujue ndio wa juu."

"Na atakayeichomoa achomeke feni, akairudisha kinyume?"

"Nitamweka mtu ailinde."

"Bi Raya, siku ya harusi mtapiga wapi?"

"Uwanjani kwa ndugu yangu."

"Juu ya nini?"

Alijua nilikokuwa naelekea. Uwanja wa harusi unamwagiwa maji ili vumbi litulie, unatandikwa mikeka, na wapigaji hukaa pekupeku. Bakari alikuwa anatazama miguu yake.

"Gitaa ni zuri," nilisema. "Na silipitishi."

Hapo ndipo yalipotoka maneno. Bi Raya alisema kwa sauti yake ile ya upole kwamba Fundi Shaame alikuwa na jina kabla mimi sijajua kushika bisibisi, na kwamba wanafunzi wengine hawapendi mwalimu ainuke tena wakishazoea kukaa kwenye kiti chake. Niliuma meno. Ningeweza kumjibu, lakini jibu lisingeondoa umeme kwenye nyuzi. Nikamwomba anipe muda nifike Kiuyu, nimwambie mwalimu mwenyewe kwa mdomo wangu, asije akasikia kwa wachuuzi. Akakubali. Gitaa nikaondoka nalo, na hakuna aliyenizuia.

Kesho yake nilipanda gari la kaskazini na sehemu ya mwisho nikaimaliza kwa miguu, gitaa begani. Nilimkuta mwalimu barazani kwa dada yake, anapiga tupa kipande cha shaba. Alinitambua kwa kikohozi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja nalo. Nasikia linagonga mbao kwenye kifungo chako."

"Nimekuja nalo."

"Weye ndiye waliyekupa kulipima?"

"Ndiye mimi."

Aliweka tupa chini. Nikamweleza yote, kuanzia shingo na vijiti mpaka redio ya Madungu. Nilimsifia pale palipostahili, naye alinisikiliza kama mtu anayesubiri sifa ziishe.

"Ulipima kwa globu?"

"Kwa globu."

"Ikawaka?"

"Iliwaka, mwalimu."

Akasema, "Hapa nimelipiga tangu limalizike, kwa redio ya betri. Halijamuuma mtu. Gitaa langu halina kosa."

"Halina."

"Kosa ni la redio."

"Ni la redio."

"Basi wanunue redio nyingine. Miye nimeuza gitaa."

"Hawana uwezo wa redio nyingine."

"Hilo si la kwangu," alisema, na akaingia ndani. Alipokuwa anavuka kizingiti aliongeza, bila kugeuka, "Rudi ukawaambie Fundi Shaame amekwisha. Si ndivyo wanavyosema?"

Nilibaki barazani. Dada yake aliniletea muhogo na samaki wa kukaanga, akanitazama kwa huruma, akaenda zake. Nilikula. Sikuwa na mpango wowote wa kijanja. Nilijua tu kwamba nikishuka baraza lile bila jibu, harusi itapigwa, na chokaa kwenye plagi itafutika kwa jasho la mtu. Adhana ya Alasiri ilimtoa nje. Akanikuta nimekaa vile vile.

"Bado upo?"

"Nipo."

"Wangoja nini?"

"Atakayelishika ni Bakari. Ukinambia niende, nitakwenda, lakini sitasema linafaa. Na nikisema halifai watadhani nakuonea wivu, watalitia kwenye ile redio kunionyesha."

Alipapasa ukuta akakaa. "Bakari yupi?"

"Mwoka mikate. Ana watoto watatu."

"Anapiga pekupeku?"

"Pekupeku. Juu ya udongo uliomwagiwa maji."

Tulikwenda msikitini tukarudi, na njiani, akiwa ameshika kiwiko changu, aliuliza kama dukani kuna transfoma yoyote iliyoungua ambayo bado ina bati zake za chuma nzima. Nikamwambia zipo mbili. Akasema, "Basi kesho twende."

Nataka mlielewe alilokusudia, kwa sababu mpaka leo naona mafundi wanalehemu vitu bila kulifikiria. Transfoma ina nyaya mbili zilizozungushwa kwenye chuma kimoja. Mwalimu alinieleza kwa harusi. Wanaume wako upande mmoja wa ukuta, wanawake upande wa pili, hakuna mlango kati yao, lakini wimbo ukiimbwa huku unasikika kule. Waya wa kwanza utoke kwenye gitaa. Waya wa pili uende kwenye redio. Sauti ivuke, umeme usivuke. Na ukuta wenyewe uwe imara, maana ukuta ukitoboka hiyo si harusi tena.

Aliingia dukani asubuhi, mara ya kwanza tangu aondoke. Alipita kwenye meza kwa vidole, akagusa kila kitu, akasema nimehamisha koleo. Nikairudisha ilipokuwa. Tukafungua ile transfoma iliyoungua, tukatoa waya mbovu, tukabaki na chuma. Waya mpya tuliutoa kwenye spika kuukuu, mwembamba kama unywele. Nilimwambia nitazungusha mimi, yeye anielekeze.

"Wauona waya huo?" aliniuliza.

"Kwa shida."

"Basi sote hatuuoni. Nipe."

Alizungusha yeye. Waya ulipita kati ya kidole gumba na cha shahada, na kila mizunguko mia alisogeza punje moja ya tasbihi iliyolala mapajani. Ulipotaka kupandana alijua kabla haujapandana. Kila tabaka nililifunika kwa karatasi iliyochovywa nta, na kila karatasi aliipapasa kingo zake. Mbili alizikataa. Moja niliona haina kasoro yoyote, nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha, nikakuta kitundu kidogo kama jicho la sindano.

Siku ya pili, karibu na mwisho, waya ulikatika, tena ndani, si pale juu ambapo ungeweza kuungwa. Nilisikia mlio wake mdogo, na yeye alisikia kabla yangu. Harusi ilikuwa Ijumaa, na hiyo ilikuwa Jumanne. Nilitaka kusema tuunge tu, tufunike kwa karatasi, hakuna atakayejua. Hakunipa nafasi.

"Fumua yote," alisema.

Tukafumua. Wakati huo ndipo Bi Raya alipopita. Alisimama dirishani akaona Fundi Shaame amekaa kwenye kiti chake, waya umemzunguka, na mimi nimechuchumaa chini nashika kigurudumu cha waya. Alimwamkia. Mwalimu akaitikia bila kuacha kazi. Bi Raya hakuuliza lini tutamaliza. Baada ya muda akaleta chai na mikate ya ajemi, akaweka dirishani, akaenda. Lile neno lake la wivu hakulirudia tena, na mimi sikumkumbusha.

Alhamisi jioni tulikwenda Madungu na kisanduku cha mbao kidogo kama cha kuwekea udi wa kufukiza. Ndani mlikuwa na transfoma yetu. Gitaa likaingia upande mmoja, redio upande wa pili. Nikachomeka chuma uani, nikapima nyuzi kwa globu. Haikuwaka. Nikageuza plagi, nikapima. Haikuwaka. Nikaacha redio ipate moto, nikapima tena pande zote mbili. Giza tupu.

"Basi liko salama," alisema Bi Raya.

"Bado," nilisema. Nikavua viatu. Globu ndogo inaweza isionyeshe umeme mdogo, na umeme mdogo kwenye udongo wa maji si mdogo. Nilikuwa nimeshaamua tangu njiani kwamba kabla Bakari hajaligusa, nitalishika mimi.

"Wafanya nini?" mwalimu aliuliza. Alisikia viatu.

"Nataka kulishika."

"Vaa viatu vyako."

"Mwalimu, mimi ndiye niliyeombwa kulipima."

"Na miye ndiye niliyelitengeneza. Vaa viatu vyako, Khatib."

Tulibishana pale uani mbele ya watu kama ndugu wawili wanaogombea kulipa nauli. Nilimwambia ana macho mabovu, na yeye akanambia umeme haumtazami mtu machoni. Mwishowe alivua makubazi yake, akanyoosha mkono kwa Bakari, akalichukua gitaa. Akamwomba Bi Raya ammwagie maji miguuni. Bi Raya alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa, maana nilijua mwalimu hatarudi nyuma. Akammwagia kata nzima.

Mwalimu alisimama kwenye tope, akakumbatia nyuzi zote kwa kiganja. Mimi nilikuwa kwenye plagi. Nikachomeka. Nikamtazama usoni. Nikachomoa, nikageuza, nikachomeka. Hakuna kilichobadilika usoni pake.

"Haya, tia," alisema.

"Nimeshatia, mwalimu."

"Upande gani?"

"Pande zote mbili."

"Nilidhani bado wavuta muda," alisema, na akapiga uzi mmoja kwa kidole gumba. Ukalia kilabu kizima.

Bi Raya aliweka kata chini. Akanigeukia mimi, si mwalimu. "Sasa nambie. Ninunue, nisinunue?"

"Nunua. Lakini kisanduku na gitaa havitengani. Siku vikitengana, neno langu limekwisha."

"Nimesikia," alisema, na akamwambia Bakari arudie maneno yangu mbele ya wenzake wote, akayarudia.

Harusi ilipigwa uwanjani, maji yakamwagwa, mikeka ikatandikwa. Bakari alikaa pekupeku na kisanduku pajani mwa mpiga ngoma aliyekuwa karibu naye. Mwalimu alikaa nyuma kabisa, kwa wazee, kichwa amekiinamisha kidogo, sikio limeelekea kwenye gitaa. Mimi sikufurahia wimbo hata mmoja. Nilikuwa nautazama mkono wa Bakari tangu mwanzo mpaka mwisho, na sikutulia mpaka plagi ilipochomolewa. Watu walisema gitaa lilifanya vizuri. Mimi niliona mtu mzima wa afya amesimama, amekunja mkeka, akaenda kuoka mikate.

Jumamosi sikwenda mapema. Nilikuwa nimechoka, nikasema duka litangoja. Nilipofika nikakuta mlango umefunguliwa. Kumbe ufunguo wake hakuwahi kuurudisha, na mimi sikuwahi kuuomba. Mwalimu alikuwa kwenye meza, ameinama juu ya redio ya mteja, sikio limekaribia spika, vidole viko ndani.

"Zimo redio tatu humu zinakoroma," alisema bila kuinua kichwa. "Njoo unisomee rangi."